Biti ya ngazi na bamba la milimita 6
Ukiuliza kama biti ya ngazi, yaani biti yenye umbo la koni iliyochongwa ngazi zinazozidi kuwa pana kutoka nchani, itatoboa vizuri bamba la chuma lenye unene wa milimita 6, jibu ni hapana, kwa sababu kila ngazi hukata kipenyo chake kwa kina kisichozidi urefu wa ngazi hiyo, ambao katika biti nyingi ni kati ya milimita 3 na 5. Ukiendelea kusukuma, ngazi inayofuata huanza kupanua upande wa juu kabla ya upande wa chini kufikia kipimo, nawe hubaki na tundu lililo pana juu na jembamba chini. Tumia biti ya kawaida ya kipimo unachotaka. Biti ya ngazi mahali pake ni bati, alumini na plastiki nyembamba, ambako hutoa tundu la duara safi bila kunasa ghafla.

Nimenoa biti hizi mara nyingi katika karakana tunayoitumia watu kadhaa, na karibu kila iliyokufa iliuawa na joto. Ngazi pana husafiri kasi kuliko ncha kwa mzunguko uleule, kwa hiyo punguza mwendo kadiri tundu linavyopanuka, na kwenye chuma tia mafuta ya kukatia. Chuma cha pua kinahitaji uangalifu zaidi, kwani biti ikisugua bila kukata, hukifanya kiwe kigumu hapo hapo. Anayenoa aguse uso wa ndani wa mfereji (mkato ulio ubavuni mwa biti) tu, kwa kuwa kusaga ukingo wa nje hupunguza vipimo vilivyoandikwa, na mtumiaji anayefuata atapata tundu dogo asijue kwa nini.