Vipele vya njano kwenye perege wa kiangazi

SWALI: Shikamoo daktari. Navua Ziwa Rutamba, na nyumbani nina bwawa dogo la perege. Kiangazi napata samaki wenye vipele vya njano nyamani, hasa karibu na matamvua na kwenye mapezi. Mvua zikikolea sivioni. Je, ni joto linalozalisha minyoo hii? Na samaki hao wanaliwa? (Mvuvi, Lindi)

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Kwa maelezo yako, hao yaelekea ni lava, yaani mtoto, wa mnyoo bapa ambaye jina lake la kisayansi ni Clinostomum. Joto peke yake haliwazalishi, kwa sababu mnyoo huyu hawezi kuishi bila ndege, konokono na samaki. Mnyoo mkubwa hukaa kinywani na kooni mwa korongo au yangeyange. Ndege akitumbukiza mdomo majini, mayai hudondoka humo humo. Lava anayeanguliwa huingia kwa konokono, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa wingi kutafuta samaki, na asipompata mapema hufa. Akimpata hujichimbia nyamani na kujifungia kwenye kifuko, akingoja samaki aliwe na ndege.

Sasa tazama msimu. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Zikikatika, maji hurudi nyuma, samaki hubanana, ndege hujazana kwenye kina kifupi na konokono hujibanza kwenye majani ya ukingoni. Wote watatu wanakuwa pamoja, na lava hana safari ndefu. Mvua zikirudi maji hutanuka, konokono wengi husombwa na samaki hutawanyika.

Lakini kifuko kilichokwisha kuingia nyamani hakiyeyuki kwa mvua. Kinaweza kudumu mwaka na zaidi, kwa hiyo unachokiona Septemba huenda kiliingia miezi mingi nyuma. Naomba uchunguze hili: je, perege wa mvua unaowaona safi si wadogo? Samaki mchanga hajapata muda wa kukusanya vifuko. Ukilinganisha mkubwa wa kiangazi na mdogo wa masika, utausingizia msimu jambo la umri. Linganisha samaki wa urefu mmoja.

Wapo vimelea ambao dhana yako ya joto inawafaa zaidi. Kwenye matamvua ya perege huishi minyoo midogo ya kuonekana kwa darubini, ambayo haihitaji konokono wala ndege. Maji yakipata joto huzaana upesi, na samaki wakibanana huhama kwa urahisi kutoka mmoja hadi mwingine. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, ndipo bwawa lako linapaswa kuangaliwa kwa makini. Samaki wakija juu kuhema asubuhi, punguza idadi yao, ongeza maji safi na usimwage samadi zaidi. Samadi nyingi hulisha bakteria, na bakteria ni chakula cha Trikodina, kimelea mwingine wa ngozi na matamvua.

Kuhusu kula: samaki wenye vipele wanaliwa, mradi wameiva mpaka kwenye mwiba. Ondoa vipele, kisha kaanga au pika vizuri. Usile mbichi wala aliyeanikwa juani tu, maana Clinostomum akimezwa hai anaweza kung'ang'ania koo la mtu, ingawa hutokea kwa nadra.

Kwenye bwawa, anza na konokono. Fyeka majani ya ukingoni na tandaza wavu juu kuzuia ndege. Ukishavuna, kausha bwawa na mwaga chokaa sakafuni, tope likiwa bado bichi. Kukausha peke yake hakutoshi, kwani baadhi ya konokono hujificha topeni hadi maji yarudi. Vaa buti za mpira unapofanya kazi hiyo. Konokono wa kichocho nao hupenda kingo hizo hizo zenye majani, na watoto wasiogelee hapo.

Ziwani huwezi kufanya hayo. Huko andika tu mwezi, urefu wa samaki, sehemu uliyomvua na idadi ya vipele, mwaka mzima, kisha umpelekee afisa uvuvi wa wilaya yako.