Mdoli aliyegeuka mgonjwa

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: mtoto wa kiume anapokimbilia gari na wa kike anapokimbilia mdoli, ni maumbile au ni sisi tuliowazoesha? Mimi ni mwalimu wa chekechea, huu mwaka wa kumi na moja, na naona yote mawili yamo. Ila kuna mtu wa tatu ambaye swali lenu limemsahau, naye ni yule anayemtazama mtoto akicheza.

Maumbile kwanza. Mwaka 2002 Gerianne Alexander na Melissa Hines walichapisha utafiti ambao hadi leo unanichekesha. Waliwawekea tumbili 88, nusu madume nusu majike, vitu sita: mpira, gari la polisi, mdoli, sufuria, kitabu cha picha na mbwa wa manyoya. Madume walishika mpira na gari kuliko majike, majike nao wakashika mdoli na sufuria kuliko madume. Tumbili hajawahi kuona tangazo la biashara, wala hana shangazi wa kumkumbusha kwamba yeye ni msichana. Lakini mimi nakwama kwenye ile sufuria. Tumbili anajua nini kuhusu sufuria? Hapiki. Kama kuna kitu kilichomvuta, hakikuwa jiko. Jiko tumelileta sisi. Na walipojaribiwa kima wa rhesus, katika utafiti uliotoka mwaka 2008, madume walipenda zaidi vyenye magurudumu, majike wakacheza na vyenye magurudumu na vya manyoya bila kubagua sana.

Kuna pia wasichana wanaozaliwa na hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, ambao tangu tumboni mwili wao hutengeneza homoni za kiume kupita kiasi. Mwaka 1992 Sheri Berenbaum na huyo huyo Hines walionyesha kwamba wasichana hao hucheza na vitu vya "kiume" kuliko wasichana wa ukoo wao wasio na hali hiyo. Kwa hiyo anayesema yote ni malezi tu, siko naye.

Sasa njooni darasani kwangu.

Nilikuwa na mvulana wa miaka minne ambaye nyumbani kwao kulikuwa na mtoto mchanga. Aliletwa mapema kabla ya wenzake. Akishavua viatu, moja kwa moja kwenye ndoo ya midoli, anamtoa yule mmoja aliyekatika mkono, anamlaza begani, kisha anampigapiga mgongoni taratibu, kichwa kimeinama upande, anasubiri abeue. Kiganja alikikunja kidogo kama anavyofanya mtu mzima. Hilo hufundishwi kwa maneno. Umemwona mtu akilifanya mara nyingi. Siku moja nilikuwa mlangoni nikamtazama kitambo, nikakohoa bila kukusudia. Mdoli akarudi ndooni kichwa chini, na gari likawa mkononi kabla sijamaliza kikohozi. Sikuwa nimesema neno.

Wenzake walipokuwepo, hakuigusa ndoo ile kabisa. Na si yeye peke yake. Lisa Serbin na wenzake waliliona hilo mwaka 1979 kwa watoto wa umri huo wa chekechea: mtoto akiwa peke yake huthubutu kushika vitu vya "jinsia nyingine", akiletewa mwenzake huacha, na huacha zaidi mwenzake akiwa wa jinsia hiyo nyingine. Sasa ukimpima mtoto huyo mbele ya darasa zima, utaandika kwamba anapenda magari. Utakuwa umepima woga wake.

Tena woga huo mtoto hazaliwi nao. Vasanti Jadva na wenzake walipowaonyesha watoto wadogo picha za midoli na magari, katika utafiti wa mwaka 2010, wasichana waliitazama midoli kuliko wavulana, sawa, lakini katika umri wa miezi 12 hata wavulana walitazama mdoli kuliko gari. Kuhusu rangi hapakuwa na tofauti: wote walipenda wekundu kuliko buluu. (Wauzaji wa nguo za watoto hawana haja ya kujua.)

Nilichofanya kilikuwa kidogo. Niliigeuza kona ya midoli kuwa hospitali. Kitanda ni kile kile, midoli ni ile ile, nikaongeza bandeji tu. Kesho yake alikuwa daktari mbele ya wenzake wote, mgonjwa wake hana mkono, na matibabu yalikuwa kumlaza begani na kumpigapiga mgongoni. Hakuna aliyecheka. Wengine walipanga foleni.

Hila hiyo si yangu. Kampuni ya vitu vya kuchezea ya Hasbro ilipotoa G.I. Joe, mdoli wa askari kwa ajili ya wavulana, mwaka 1964 ilikataa katakata kumwita mdoli, ikambandika jina jipya la Kiingereza lenye maana kama "sanamu ya vitendo". Mdoli wa kuvishwa na kuvuliwa nguo, akanunuliwa na baba kwa ajili ya mwanawe bila aibu.

Kwa wasichana mambo ni mepesi kiasi. Akishika gari, watu wazima husema huyu mchangamfu. Mvulana akishika mdoli naitwa pembeni: "Mwalimu, hii imekaaje?" Baba wa huyu mvulana wangu aliniita hivyo hivyo, kwa heshima kabisa, akaomba mwanawe asipewe midoli. Alikuwa amembeba yule mchanga begani, na muda wote tulioongea mkono wake ulikuwa ukimpigapiga mgongoni. Hapo nikajua mwanafunzi wangu alisomea wapi. Sikumwambia baba mtu, labda nilikosea.

Kwa hiyo kwa wasomaji wanaotaka kujua mtoto wao anapenda nini hasa: mwageni vitu vyote sakafuni, vya kila aina, kisha tokeni chumbani. Chungulieni baada ya robo saa. Na mkiwa hapo mlangoni, msikohoe.