Uliza rangi yako inafanya kazi gani katika hesabu ya daktari

Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji: mwanamke Mwafrika anayebeba mimba ughaibuni afanye nini ili maamuzi ya matibabu yawe yake kweli? Ninaishi Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, ambako nilijifungua mtoto wangu wa pili Januari 2020. Jibu langu ni kwamba kila rangi yake inapotajwa kuwa sababu, aulize palepale inafanya kazi gani, wala asione haya kungoja jibu.

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Tanga kwa upasuaji. Katika mimba ya pili nilimweleza daktari kwamba ningependa kujaribu kujifungua kwa njia ya kawaida. Alifungua kwenye kompyuta kikokotoo cha kukadiria uwezekano wa kufanikiwa kujifungua hivyo, akaanza kujaza umri wangu, urefu, uzito na sababu ya upasuaji ule wa kwanza. Kisha likaja swali kama mama ni Mmarekani mweusi, naye akabonyeza ndiyo bila kuniuliza. Asilimia iliyotokea ilikuwa chini ya hamsini, na kwa upole kabisa akashauri tupange tarehe ya upasuaji. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwake, skrini naiona. Nilimwomba abadilishe jibu lile moja tu na mengine ayaache kama yalivyo. Alisita kidogo, akabonyeza hapana, na asilimia ikapanda kwa zaidi ya pointi kumi. Mwili ulikuwa uleule, kovu lilikuwa lilelile, na mimi ni mzaliwa wa Tanga ambaye sijawahi kuwa Mmarekani hata siku moja.

Simlaumu daktari yule peke yake, kwa kuwa kikokotoo hicho kilitolewa mwaka 2007 na kikaenea nchi nzima. Waliokitunga waliona katika takwimu zao kwamba wanawake weusi na wale wenye asili ya Amerika ya Kilatini hawakufanikiwa sana kujifungua kawaida baada ya upasuaji, wakaiingiza rangi katika hesabu. Takwimu hizohizo zilionyesha kwamba hali ya ndoa na aina ya bima navyo viliendana na matokeo, lakini hivyo havikuingizwa. Toleo lisilo na swali la rangi lilitoka mwaka 2021. Katikati hapo ipo miaka zaidi ya kumi ya wanawake walioonyeshwa namba kama yangu, wakaamini kwamba miili yao imeshindwa kabla ya kujaribu, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Upasuaji huokoa maisha, nami nisingeukataa kama ungehitajika. Nilichotaka kujua ni sababu yake, na rangi ilipoondoka mezani ndipo tulipozungumza lililo muhimu, yaani kovu la ndani. Kovu la ngozi halikuelezi mji wa mimba ulikatwaje. Ukiwa ulikatwa kwa mlalo, sehemu ya chini, hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu ni chini ya mwanamke mmoja katika mia. Ukiwa ulikatwa wima, sehemu ya juu, hatari ni kubwa zaidi na mama hashauriwi kujaribu. Kwa upande wa pili, kila upasuaji unaoongezeka huzidisha uwezekano wa kondo la nyuma kung'ang'ania katika mimba zinazofuata, nami nilitamani watoto zaidi. Ushahidi wa kovu langu ulikuwa Tanga. Dada yangu alikwenda hospitalini mara tatu, jalada likatafutwa hadi likapatikana, naye akaupiga picha ukurasa wa upasuaji na kunitumia kwa WhatsApp. Ilikuwa mistari minne ya mwandiko wa haraka, na mmoja ulisema kwamba mkato ulikuwa wa mlalo, chini. Daktari aliusoma, akakubali, nikajifungua kawaida. Dada yeyote aliyejifungua kwa upasuaji nyumbani na anajiandaa kusafiri, ninamsihi aiombe karatasi hiyo kabla ya kuondoka.

Sisemi kwamba rangi ifutwe kila mahali. Mwaka 2021 jopo la kitaifa linalotoa ushauri wa kinga nchini Marekani lilipitia upya matumizi ya aspirini ya miligramu 81 kwa siku, inayoanzwa baada ya wiki ya 12 ili kupunguza hatari ya kifafa cha mimba. Liliwataja wanawake weusi miongoni mwa wenye hatari ya wastani, likaeleza waziwazi kwamba chanzo chake ni mambo ya kijamii, si ya kimaumbile. Huko rangi inamwongezea mama uangalizi, wakati katika kikokotoo ilimpunguzia nafasi, na asiyeuliza hawezi kujua yuko upande gani.

Uangalizi huo unahitajika. Mwaka 2023 Marekani ilipoteza wanawake weusi 50.3 kwa kila vizazi hai 100,000 kutokana na uzazi, na wanawake weupe 14.5. Kamati zinazochunguza vifo hivyo zimeona kwamba zaidi ya asilimia 80 vingeweza kuzuilika. Bingwa wa tenisi Serena Williams, mwenye historia ya damu kuganda, alipokosa pumzi siku moja baada ya kujifungua mwaka 2017, alitaja mwenyewe kipimo anachohitaji, na muuguzi akadhani dawa za maumivu zimemchanganya. Kipimo kilipofanywa, mabonge ya damu yalikutwa kwenye mapafu.

Mimi sina jina kama lake. Siku ya sita baada ya kujifungua kichwa kiliniuma na macho yakaona vimulimuli, nikapiga simu nikaambiwa ni uchovu wa kulea. Nilifunga kipimo cha presha nilichokuwa nacho nyumbani, nikapiga tena na kusema: "Nimejifungua siku sita zilizopita, presha yangu ni 164 kwa 110, kichwa kinauma na ninaona vimulimuli. Ukiamua nisije, naomba uandike kwenye jalada langu kwamba nimekuambia." Kulikuwa na kimya kifupi, kisha nikaambiwa nije mara moja, na nililazwa usiku mbili nikiwa kwenye dripu ya magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba.

Hata hivyo, kuuliza kunataka lugha. Jirani yangu kutoka Bukavu alikuwa akienda kliniki na mwanawe wa miaka 11 amtafsirie. Siku moja mtoto alimwambia, "Mama, wanasema damu yako ni mbaya," naye akakaa wiki nzima akiamini ana ukimwi, kumbe aliambiwa ana upungufu wa madini ya chuma. Sheria ya Marekani inazitaka hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa mkalimani bila malipo, na haziruhusiwi kumtegemea mtoto ila kwa dharura. Nilimfundisha neno moja la Kiingereza la kusema kwenye dirisha la mapokezi: "interpreter", yaani mkalimani. Safari iliyofuata mwanawe alikuwa shuleni, mkalimani alikuwa kwenye simu akizungumza Kiswahili cha kwao, na mama yule akauliza mwenyewe vidonge vile avimeze kwa wiki ngapi, na kwa nini vinamfunga choo.