Transfoma ya Zamani Isiyo na Maandishi: Namna ya Kuzijua Nyaya Zake

Transfoma uliyoifungua kwenye redio au amplifaya mbovu ni mali, usiitupe. Tatizo ni kwamba karatasi ya maelezo imeshabanduka, na zimebaki nyaya saba au nane zisizosema lolote. Nilipokuwa naanza kazi hii niliziamini rangi. Niliona nyeusi mbili, nikasema hizi ndizo za umeme wa ukutani, nikachomeka. Kumbe zilikuwa za upande wa kutolea, volti 12 tu. Fyuzi ilikatika papo hapo, na koili (waya uliozungushwa kwenye chuma) iliyokuwa nzima ikaanza kunuka kuungua.

Tangu siku hiyo rangi kwangu ni fununu, si ushahidi. Ni kweli kuna utaratibu: transfoma nyingi za redio za Marekani za valvu (zile balbu za kioo zilizotumika kabla ya transista) zilitumia nyeusi kwa umeme unaoingia, nyekundu kwa volti kubwa, na kijani kwa volti 6.3 za kupasha valvu. Lakini kiwanda kingine kilikuwa na mtindo wake, na transfoma iliyowahi kusukwa upya hufuata waya uliokuwepo mezani siku hiyo.

Kwa hiyo kazi ianze kabla hujakata chochote. Chomoa kifaa kwenye umeme, hakikisha kapasita kubwa zimeisha chaji, kisha fuata kila waya unakoishia. Zinazokwenda kwenye swichi na fyuzi ni za kuingizia. Zinazokwenda kwenye dayodi ni za kutolea. Zibandike tepu zenye alama, halafu kata mbali na transfoma ili ubaki na urefu wa kutosha kuunga.

Kuna transfoma mbili za kuweka kando. Ya kwanza ni ile nyepesi kutoka kwenye pawasaplai za kisasa, ambayo kiini chake ni feraiti, kitu cheusi kigumu kama jiwe, badala ya mabati yaliyopangwa. Hiyo hufanya kazi kwa masafa ya maelfu ya Hz. Ukiipa umeme wa 50 Hz ni sawa na kupiga shoti. Ya pili ni ya maikrowevu. Inatoa volti zipatazo 2000 kwa mkondo unaoweza kuua, na anayeanza hana sababu ya kuigusa.

Sasa chukua mita ya kupimia umeme. Ipa kila waya herufi na uweke mita kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani wa waya. Jaribu kila jozi na uandike zinazowasiliana. Tuseme A na B zinasoma omu 30. C na D zinasoma 0.6, D na E 0.6, C na E 1.2. F haiwasiliani na yoyote. Hapo tayari una picha: A na B ni koili moja, C, D na E ni koili nyingine, na D ndiyo waya wa kati kwa sababu kipimo kikubwa ni kati ya ncha mbili za mwisho. Nusu hizo zinaweza kutofautiana kidogo, kwani mizunguko ya nje hutumia waya mrefu kuliko ya ndani. F huenda ni ngao iliyowekwa katikati ya koili, ambayo huungwa na ethi. Kumbuka kugusisha ncha za mita zenyewe kwanza na kutoa kipimo chake, maana omu 0.3 za nyaya za mita zinatosha kukupoteza. Na usishike ncha za koili kwa vidole unapopima: ukiondoa mita, koili hurusha teke la umeme.

Kwenye transfoma ya kupunguza volti, koili yenye omu nyingi ndiyo ya ukutani, kwa kuwa ina mizunguko mingi ya waya mwembamba. Ila ikitoka kwenye redio ya valvu kanuni hii inapinduka: koili ya volti kubwa inaweza kuwa na omu nyingi kuliko ya kuingizia. Wengi huumia hapa. Na ukikuta koili ya kuingizia haisomi kabisa, chunguza chini ya tepu, mara nyingi kuna fyuzi ya joto iliyokatika. Badilisha kwa inayolingana nayo, usiiruke kwa kipande cha waya.

Usikimbilie ukutani bado. Tafuta transfoma nyingine unayoijua, inayotoa volti 12 za AC, uziingize A na B. Ukipata volti 1.25 kati ya C na E, piga hesabu: 230 za ukutani gawanya kwa 12, zidisha kwa 1.25, unapata kama volti 24. Lakini kama ulikosea na A na B ndizo za upande wa kutolea, ncha nyingine zitakuwa na volti za kuua. Funika kila ncha kwanza, kisha ndipo uwashe.

Ukiwa na koili mbili za volti 115 za kuunganisha mfululizo, funga ncha moja ya kila koili pamoja, ingiza volti ndogo kwenye koili ya tatu, upime ncha mbili zilizobaki. Zikijumlika umepatia, zikifutana, geuza koili moja.

Mara ya kwanza ukutani, pitisha umeme kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa mfululizo na koili ya kuingizia, koili zote za kutolea zikiwa wazi, bila mzigo. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu, zima. Kuna shoti au umekosea koili.

Uwezo wake ukadirie kwa mguu wa kati wa chuma: sentimita 3 kwa 2.5 ni 7.5 za mraba. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, punguza robo, unapata kama VA 40 (VA ni volti mara ampea). Ipe mzigo wa kiasi hicho kwa saa moja. Volti zitashuka kidogo, hiyo ni kawaida. Zima, chomoa, gusa chuma. Kama mkono hauvumilii, punguza mzigo. Kama unavumilia, andika herufi, volti na VA kwenye tepu na uibandike juu ya chuma.