Ukienda milima ya Atlas, usikatae chai

Juzi dada mmoja kanitumia meseji, anaenda Moroko mwezi ujao, anauliza "kaka, wale Waberber wa milimani kulala kwao ni shilingi ngapi, na wifi wanayo?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili bila kujibu. Sio kwamba kauliza vibaya, ila mimi 2019 nilienda na maswali hayohayo kichwani na nikafanya kitu ambacho mpaka leo kinanichoma.

Mimi ni mtu wa Moshi. Nimekua naiona Kilimanjaro kila asubuhi na kileleni nimefika mara mbili, kwahiyo nilivyoambiwa Toubkal ndio mlima mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, mita 4,167, nikasema wetu una 5,895, huu naumaliza siku mbili. Na niliumaliza kweli, hilo najivunia, upepo wa kule juu na barafu ya alfajiri sio mchezo.

Tatizo lilikuja wakati wa kushuka. Mwongozaji wangu, kijana wa Aroumd, kijiji kilichopo juu kidogo ya Imlil, pale safari ya mlima inapoanzia, akanipitisha kwao. Mama yake akaweka birika jikoni, akatandika mkeka, akatoa mkate. Mimi naangalia saa, teksi ya Marrakech inanisubiri chini. Nikasema hapana asante, nina haraka, af nikatoa noti ya dirham mia nikaiweka kwenye sinia. Nilidhani nimefanya ustaarabu jamani. Mama hakuigusa. Alisema maneno machache kwa Kitashelhit, lugha yao ya milimani, kijana akainamisha kichwa, njia nzima mpaka Imlil hakuongea, na tulipofika akanirudishia ile noti.

Hebu fikiria mgeni kaingia kwa bibi yako uchagani, kakataa mbege, af kaacha hela juu ya kigoda. Ungemwelewa?

Miaka ikapita. Tarehe 8 Septemba 2023 likaja lile tetemeko la 6.8, watu zaidi ya 2,900 wakafa, wengi wao wa vijiji vya milima hiyohiyo. Nikamtafuta kijana kwa WhatsApp usiku kucha. Alivyojibu "tuko hai" nililia, na hapo ndipo niliamua lazima nirudi.

Nimerudi mwaka huu mwezi wa nne, na safari hii mlima sikuugusa kabisa. Nilipita sokoni Asni siku ya Jumamosi nikanunua sukari ile ya koni, wanaiita qalib, kilo mbili imefungwa kwenye karatasi, kwao hiyo ndio zawadi ya heshima. Mama alinitambua mlangoni. Nikamwambia "azul, Lalla", ndio salamu yao, akaipokea ile sukari akaipasua kwa nyundo ndogo palepale. Chai yao haitaki haraka: majani ya kijani yanasuuzwa kwanza, nanaa inaingia, glasi ya kwanza inarudishwa kwenye birika, af inamiminwa kutoka juu mpaka povu lisimame. Nikanywa glasi tatu. Mkate wa moto, na amlou, ile ya lozi, mafuta ya argan na asali, unachovya.

Jioni wakaleta sinia moja kubwa la tagula. Yaani ni ugali! Ugali wa shayiri, katikati kuna shimo la mafuta, kila mtu anakula upande wake kwa mkono, na wanaanza kwa bismillahi. Kesho yake baba mwenye nyumba akanionyesha mifereji inayoshusha maji kwenye miti ya jozi na tufaha, kila familia ina zamu yake, nikamwambia hii kwetu tunaiita mfongo, babu zangu waliichimba hivihivi. Tukakaa pale kwenye mfereji muda mrefu sana.

Sasa nisikilizeni ndugu zangu. Kunyweni chai. Kama una teksi, mwambie dereva asubiri au aende. Beba sukari, usitoe noti mbele ya mama wa watu. Ukilala kwenye nyumba ya wageni bei inajulikana, lipa bila kulialia, na mwongozaji mlipe vizuri maana Toubkal hupandi bila yeye, kuna vizuizi wanakagua pasipoti. Picha omba kwanza, hasa kwa wanawake. Na muwaite Imazighen, mmoja ni Amazigh, hilo ndilo jina wanalojiita wenyewe, Berber walipewa na wageni. Lugha yao imeingia kwenye katiba ya Moroko 2011 kama lugha rasmi, na mwaka mpya wao, Yennayer, ni sikukuu ya kitaifa tangu 2024, kijana alinielezea hayo macho yanang'aa. Sisi tunaopigania Kiswahili chetu tunajua hiyo furaha ni ya nini. Mtu amekufungulia nyumba ambayo ukuta wake mmoja kaujenga upya kwa mikono yake baada ya tetemeko, wewe unauliza wifi?

Dada yangu, wifi Imlil ipo. Ila ukipita Asni Jumamosi nunua koni mbili, moja mpelekee yule mama wa Aroumd, namba ya mwanae nakutumia, mwambie imetoka kwa yule wa Moshi.