Kabla ya kuchagua itifaki, ilaze redio kwanza

Nilipoanza kazi ya mitandao ya sensa, yaani vifaa vidogo vya kupima (nodi) vinavyopelekeana vipimo kwa redio, nilisoma LEACH mpaka nikaikariri. Ni itifaki (kanuni za nodi kuwasiliana) ya mwaka 2000, ya Wendi Heinzelman na wenzake wa MIT: nodi zinajigawa makundi, kiongozi wa kundi anakusanya vipimo vya wenzake, anavifupisha na kuvituma kituoni, na uongozi unazunguka ili mzigo usimwelemee mmoja. Kwenye kompyuta mtandao wangu uliishi muda mrefu. Kwenye kihamba cha mjomba, Moshi vijijini, nodi 12 za kupima unyevu wa udongo zilizimika ndani ya siku sita, karibu zote kwa pamoja.

Shambani sikuwa nimeweka LEACH bado. Nilikuwa na mpangilio rahisi: kila nodi inampa pakiti (kifurushi cha data) jirani aliye karibu zaidi na lango, kifaa kinachokusanya vipimo vya nodi zote. Nikalaumu njia za pakiti, kumbe kosa lilikuwa redio kukaa wazi. Chukua CC2420, chipu ya redio ambayo wengi tumejifunzia: ikituma kwa nguvu zake zote inakula miliampea 17.4, ikisikiliza tu, 18.8. Kusikiliza ni ghali kuliko kusema! Betri mbili za AA zilizofuatana, za miliampea-saa 2,500, zinaisha kwa saa 133 hivi redio ikisikiliza muda wote. Modeli niliyotumia kwenye kompyuta, ile ya nanojuli 50 kwa biti, inahesabu biti zilizotumwa na kupokelewa. Sikio linalotegwa bila kusikia kitu halimo.

Kwa hiyo wewe unayeanza, usiguse njia za pakiti kabla hujailaza redio. Iamke kidogo, ichungulie hewani, ilale tena. Ikiwa macho asilimia 1 tu ya muda, wastani unashuka hadi miliampea 0.19 hivi. Funga mita uone mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo tatizo la njia likajitokeza. Sanduku la nodi lililofungwa kwenye mparachichi, hatua chache kutoka kwenye lango, lilizimika wiki nyingi kabla ya mengine. Nililifungua: volti 1.8 kwa betri zote mbili. La mbali kabisa, kule bondeni, bado lilikuwa na 2.9. Lile la mparachichini lilikuwa linabeba pakiti za wenzake wote. Kupokezana uongozi kungesaidia, lakini LEACH ya awali inachukulia kwamba kila nodi inafika kituoni moja kwa moja, na ndani ya migomba hilo halipo. Niliongeza nodi mbili jirani na lango, halafu nikazifundisha za mbali kufunga vipimo vinne kwenye pakiti moja. Unyevu wa udongo haubadiliki kwa robo saa.

Kisha masika ikaingia. Majani ya mgomba yaliyolowa yanafyonza mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo redio hizi hutumia, na njia iliyoonekana fupi ikawa inadai pakiti ileile itumwe mara tatu, mara nne. Hapo nikahamia RPL, itifaki ya kuchagua njia za pakiti iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 2012, nikaitumia na kipimo cha ETX, kinachohesabu pakiti itatumwa mara ngapi mpaka ifike, badala ya idadi ya nodi inazopitia njiani. Nodi ya bondeni ikazungukia kwa majirani watatu badala ya wawili, na betri yake ikadumu.

Siku hizi sifungi sanduku lolote kabla sijapita shambani na nodi mbili mkononi, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani.