Ukitaka Kumjua Endi, Tazama Mikono Yake

Msimu wa 2007 nilikuwa nimeshaizoea Columbus, Marekani, na Jumamosi zangu zilikuwa za Ohio State tu, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, kama mtu wa Kariakoo na Simba yake au Yanga yake. Tulikuwa na difensivu endi aliyeitwa Vernon Gholston. Endi ni yule anayesimama mwishoni mwa mstari wa ulinzi, na kazi yake kubwa ni kumfikia kwotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, na kumwangusha kabla hajarusha mpira. Msimu ule Gholston aliwaangusha makwotabeki mara 14. Akaenda Indianapolis kwenye majaribio ya wanaotaka kuingia NFL, ligi ya kulipwa, akanyanyua chuma cha kilo 102 mara 37. New York Jets wakamchukua wa sita katika drafti ya 2008, ambapo timu za NFL huchagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, nami nikawaambia jamaa zangu wote kwamba huyu atatikisa ligi. Alikaa Jets misimu mitatu bila kumwangusha kwotabeki hata mmoja.

Jambo lile liliniuma, nikarudi kwenye video za mechi zake na kuanza kujifunza upya. Kila Aprili, drafti ikikaribia, vijana wetu huku huniuliza nani mzuri. Jibu langu huanza hivi: usiniambie kaangusha wangapi, niambie kawaangusha vipi.

Maana kuna kuangusha na kuangusha. Mara nyingine kwotabeki ameshika mpira muda mrefu mno, anahangaika, mwishowe anajikuta mikononi mwa endi aliyekuwa amezuiwa vizuri tu. Mara nyingine aliyekabidhiwa kumzuia endi ni mtoto wa mwaka wa kwanza, au hakukuwa na mtu kabisa. Ziondoe hizo zote. Zinazobaki, ambazo endi alimshinda ana kwa ana takeli mzuri (mzuiaji anayemkabili ili kumlinda kwotabeki), ndizo za kuhesabu, na huwa chache kuliko unavyodhani.

Halafu acha kuufuata mpira. Ni vigumu, kwa sababu kamera inaufuata, lakini rudisha video umwangalie mtu mmoja. Senta, yule anayeanzisha mchezo, anapourudisha mpira kwa kwotabeki, je, mguu wa endi umenyanyuka pamoja na mpira au umesubiri kuona wenzake? Hatua mbili za mwanzo zikichelewa, takeli keshajipanga.

Sasa njoo kwenye mikono, na hapa ndipo ninapokaa saa nzima. Takeli, jitu la kilo 140, ananyoosha mikono aingize viganja kifuani mwa endi. Akifanikiwa, mchezo umeisha. Endi anayejua kazi hasubiri kuguswa: anaupiga mkono ule kwenye kifundo, anashusha bega, anapita kwa chini kama anayekwepa tawi la mwembe. Endi wa nguvu tupu huingia kifua mbele. Chuoni anawasukuma watoto wenzake, lakini kwenye NFL anakutana na wanaume wenye nguvu sawa na yake. Na ile mbinu ya kwanza ikikwama, anayo ya pili? Hilo ndilo swali ambalo sikumuuliza Gholston.

Mwaka 2021 nililiona jibu lake kwa uchungu. Aidan Hutchinson, endi wa Chuo Kikuu cha Michigan, alimwangusha kwotabeki wetu mara 3, kule Ann Arbor, tukafungwa 42 kwa 27. Baadaye wapimaji walilalamika kwamba mikono yake ni mifupi, inchi 32 na ushee. Urefu una maana, kwa kuwa mwenye mkono mrefu humgusa mwenzake kwanza. Lakini niliyarudia matukio ya siku ile, na viganja vyake havikutulia hata mara moja: akizuiwa nje anageukia ndani, akizuiwa ndani anazunguka. Detroit Lions walimchukua wa pili katika drafti ya 2022, na mimi, shabiki wa Ohio State, nilisema hawajakosea.

Takwimu hudanganya upande wa pili pia. Danielle Hunter, msimu wake wa mwisho katika chuo cha LSU, aliangusha kwotabeki mara 1.5 tu (wawili wakigawana, kila mmoja anaandikiwa nusu). Lakini alikuwa akiwanasa wakimbiaji nyuma ya mstari, na mwili wa kilo 114 ulikwenda yadi 40 kwa sekunde 4.57. Alisubiri hadi nafasi ya 88 katika drafti ya 2015. Akiwa Minnesota Vikings, 2018 alifikisha 14.5, na 2019 tena 14.5.

Naye Ezekiel Ansah, Mghana aliyekwenda chuo cha BYU, hakuwa amecheza mchezo huu hadi 2010. Miaka mitatu baadaye akachaguliwa wa tano. Kwa mtu kama huyo linganisha Septemba na Novemba: kosa la mechi ya kwanza bado analirudia?

Mwisho nenda robo ya nne, timu yake ikiwa nyuma kwa pointi 20, watu wameanza kuondoka uwanjani. Tazama ule mguu wa kwanza tena. Kama bado unanyanyuka pamoja na mpira, liandike jina lake.